Dau lavuja: kisa cha mtoto asiyetaka kuchafuka mikono

Mtoto mwenyewe ni wa kiume, alikuwa akaribia miaka mitano, yuko PP1, mwaka wa kwanza wa nasari, katika nasari nifundishayo hapa Amu (Lamu) mjini, na nitamwita Nahodha manake ndio jina wenzake walilompa mwishowe na mwenyewe akalipenda. Nyumbani kwao wamekubali kisa kiandikwe bora tu asijulikane, kwa hio mambo ya kwao nimeyageuza kidogo, lakini ya uwanjani ni vile yalivyokuwa.

Yalikuja malalamiko mawili na yalikuwa yapingana. Mamake alisema mwanangu hachezi na wenzake, akenda shule husimama tu. Babake, ambaye yuko kazini Mombasa, akasema kwa simu tena kwa ukali kwamba shule hii yachezesha watoto kutwa, mtoto muhula wa pili huu hajui kuandika jina lake, sasa mwamletea mchanga na unga wa nini. Yaani mmoja ataka mtoto acheze, mwengine ataka mchezo wenyewe uondolewe, na mtoto hapo katikati hakuulizwa na mtu.

Sasa alivyokuwa. Akifika asubuhi hukaa chini ya mkungu, mgongo kwenye shina, viatu havui. Wenzake wako kwenye mchanga wamechimba visima, yeye yuko pale atazama. Ukimpa udongo hukunja vidole ndani ya kiganja kabisa, mkono wauona ni ngumi. Gundi ndio usiseme, tone likimwangukia hulia mpaka lioshwe, na likishaoshwa bado hujifuta kwenye shati. Hamri huishika kwa kipande cha karatasi, wali hula kwa kijiko, na kwa mtoto wa huku ambaye nyumba nzima yala kwa mkono hilo watu hulitazama sana. Na kunawa! Hunawa hata kabla ya kushika kitu.

Lakini hebu tuangalie na upande wa pili, sababu hapa ndipo watu wengi huharakisha. Huyu mtoto azungumza vizuri, tena maneno mengi. Ukimwita jina ageuka, ukimuuliza akujibu na yeye akuuliza. Punda akilia ukutani pale hashtuki, spika ya msikiti karibu kabisa na hazibi masikio. Nguo mpya avaa bila vita. Kwa hio haikuwa kila kitu chamkera, ilikuwa ni majimaji na vya kunata, vile vinavyong'ang'ania ngozi, basi. Angekuwa hasemi, haitiki, asumbuka na sauti na nguo na mwanga vyote pamoja, hapo nisingekaa kungoja mchezo wowote, ningemwambia mamake mara moja twende kwa wale wa EARC, vile vituo vya serikali vya kupima watoto vilivyoanza mwaka 1984, wamuone wenye kazi yao. Na bado niliandika kwenye faili kwamba tukifika mwisho wa mwaka hakuna mabadiliko tutaenda. Kungoja nako kuwe na mpaka.

La pili ni hilo la kusimama. Mamake aliliona ni kutocheza. Mie sikuona hivo. Mildred Parten, mtafiti Mmarekani, mwaka 1932 alitoa kazi yake juu ya watoto wa nasari wanavyocheza, akawapanga: kuna anayecheza peke yake, kuna anayetazama, kuna wanaocheza sambamba kila mtu na chake, kuna wanaochanganyika, halafu kuna wale wanaoshirikiana hasa kwa mpango mmoja. Mtazamaji amewekwa hapo kwenye orodha, hakuachwa nje. Na tofauti ya anayetazama na aliyezubaa waijua ukikaa karibu: Nahodha alikuwa midomo yamwenda. Wenzake wakikosea kitu kwenye mchezo wao yeye kule mkunguni atingisha kichwa kama mzee wa baraza. Siku moja wenzake wanafunga tanga kwa leso, akasema polepole peke yake, "silo hilo, hapo lafungwa foromali." Mtoto anayejua foromali, ule mti wa kufungia tanga, na hajagusa kamba, huyo hakukosa mchezo kichwani. Alikosa njia ya kuingia bila kuchafuka.

Kabla ya hapo walishajaribu kumzoesha. Neno hilo nalisikia sana, mzoeshe, mtie mkono tu atazoea. Alishikwa mkono akatiwa kwenye beseni la udongo na mtu mzima aliyekuwa na nia nzuri tu, akatapika, na kwa muda mrefu baada ya hapo hata beseni tupu hakulisogelea. Naomba hili lisikike vizuri kwa walimu na akina mama: mkono wa mtoto ni wake. Ukimlazimisha anachojifunza sio kwamba udongo hauna neno, anachojifunza ni kwamba watu wazima wakimkaribia na beseni akimbie.

Halafu kuna njia nyengine ya upole lakini nayo haikusaidia, ile ya kufanya somo. "Leo tutagusa kitu laini, leo tutagusa kitu cha kukwaruza." Trei zimepangwa, huku pamba, huku mchele, huku unga ulokandwa, watoto wapita kwa foleni. Wengine wafurahi. Nahodha aligusa pamba kwa kidole kimoja, akagusa mchele, akafika kwenye unga akaweka mikono nyuma akapita. Na ukifikiria kwani kosa lake liko wapi? Hakuna sababu yoyote duniani ya kutia mkono kwenye trei ya unga isipokuwa mwalimu amesema. Mtu mzima akikuambia utie mkono kwenye mafuta ya gari bila sababu utatia? Lakini gari likikuharibikia njiani watia bila kuuliza.

Basi tuje kwenye dau. Uwanjani kuna nusu ya dau kuukuu, mzazi mmoja alilitoa, misumari imeng'olewa, kingo zimepigwa msasa, limekaa kwenye mchanga limeinama upande. Mbao zake zimeshaachana kidogo kwa jua. Ndani na pembeni yake kuna takataka za maana: madumu, vifuu, kipande cha turubai, leso mbili, chupa za maji, laifjaketi moja iliyokatika mkanda. Hatukununua kitu. Hii ya kutumia vitu vya mtaani huku pwani ina historia, Madrasa Early Childhood Programme iliyoanzia Mombasa miaka ya 1980 ilifundisha walimu wengi wa nasari hivo hivo, tengeneza vya kuchezea kwa kilichopo, na mie naona bado ndio njia, manake kifuu kesho ni kikombe keshokutwa ni simu, lakini kile kigari cha plastiki cha dukani ni gari basi.

Mchezo mkubwa wa darasa hilo ni kuvuka Mokowe. Kila mtoto wa hapa ameshavuka na boti kwenda Mokowe na mamake kwenda kushika basi, kwa hio hakuna anayehitaji kuelezwa. Kuna binti mmoja mpiga kelele ndiye makanga, asimama mbele amefunga leso kiunoni: "Mokowe Mokowe Mokowe! Bado mmoja! Bado mmoja twaondoka!" na huyo mmoja hatimii hata dau likiwa limejaa watoto wakaliana mapajani. Kuna wa kukata tiketi, majani ya mkungu hayo. Nje kuna watoto wawili na vijiti katikati ya miguu, hao ni punda wa simiti, wapandisha mizigo gatini, na mmoja amechoka amekataa kwenda, apigwa makelele na mwenyewe akubali kupigwa makelele kwa sababu punda wa kweli hukataa.

Ile siku mtoto mmoja alichota maji kwenye beseni na dumu akayamwaga ndani ya dau. Sijui alikuwa na maana gani, labda hakuwa na maana. Maji yakatelemka yakapitia kwenye nyufa yakatokea nje kwenye mchanga. Kimya kidogo, halafu mmoja akapiga ukelele, "Lavuja! Dau lavuja!" Basi ikawa furaha tupu. Kila mtu akataka kuzama. "Twafa! Twafa!" wajitupa mchangani, waogelea, makanga naye ameshazama bado aita Mokowe.

Na hapo ndipo Nahodha alitoka mkunguni. Alikasirika, wallahi, mtoto alikasirika kabisa. Akaja mpaka kando ya dau akasema, "Nyie hamjui! Halizami hivi hivi! Lataka kutiwa kalafati!" Babu yake mzaa mama ni fundi wa vyombo upande wa Matondoni, kule ambako majahazi bado yaundwa, na mtoto ameshakaa sana pale kwenye vivuli akiangalia wazee wakisukuma pamba kwenye nyufa za mbao na kupaka deheni, yale mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Sasa hawa wenzake wazama ovyo na dau latengenezeka! Makanga akamwangalia akamwambia neno moja tu, "Tia."

Unga wa kukandwa ulikuwa kwenye meza ya pembeni, kama kila siku, ule ambao hakuna siku aliougusa. Akaenda akauangalia. Akaokota kijiti. Akachoma donge kwa kijiti akalibeba mbali na mwili, akaja akalisukumiza kwenye ufa kwa kile kijiti, likaingia kidogo, likadondoka. Akaliokota tena kwa kijiti. Mara ya pili likashika lakini limevimba nje, na fundi haachi kazi imevimba nje. Akatazama mkono wake. Akatoa kidole kimoja, hichi cha shahada, akagonga donge kwa ncha, akarudisha, akakiangalia kidole. Kina unga. Akajifuta kwenye ubao wa dau, sio kwenye shati, akarudi tena akabonyeza. Halafu dole gumba. Kwenye ufa wa tatu alikuwa ameshapiga magoti na apaka kwa kiganja kizima akenda na mbao vile wapakavyo deheni, mkono wenda mbele warudi, na huku awapa wenzake amri, "leta mwengine, leta mwengine, wewe usimwage maji bado!" Wenzake ambao kabla ya hapo hawakujua hata sauti yake walikimbia kumletea.

Kisha akasimama ghafla akenda kwenye ndoo akanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Nikadhani imekwisha. Akajifuta, akarudi kwenye dau, akachukua donge kwa mkono.

Kwangu mie kisa chote kiko hapo kwenye kurudi. Kushika kwa hasira mara moja mtoto yeyote aweza. Lakini amenawa, ametulia, amepata mikono yake safi anayoipenda, halafu kwa hiari yake aenda kuichafua tena kwa sababu kazi haijesha.

Kwa nini iliwezekana? Lev Vygotsky, msomi wa Kirusi, alizungumzia mchezo mwaka 1933 na mfano wake ni mtoto na fimbo: fimbo ikishakuwa farasi, mtoto ameanza kuongozwa na maana aliyoiweka mwenyewe, sio na kitu kinachoonekana. Hapa kwetu si farasi, ni punda, haidhuru. Sasa tia hilo kwenye mkono wa Nahodha. Alichokuwa akikiogopa ni unga, kitu kinachonata. Mchezo ulipoanza ule haukuwa unga tena, ni kalafati, ni deheni, na deheni yajulikana hunata, isiponata haina kazi! Kile kile kilichomkera ndicho kikawa sifa yake nzuri. Vygotsky alisema pia kwamba mtoto akiwa mchezoni hufanya mambo yaliyo juu ya umri wake na juu ya alivyozoea, na mie nimeliona kwa macho, manake nje ya mchezo yule ni mtoto anayelia akipata tone la gundi, ndani ya mchezo ni fundi, na fundi hulia kwa gundi?

Ndio maana sikubaliani na hawa wanaotenganisha, leo kipindi cha kugusagusa, kesho kipindi cha kuigiza. Kwa watoto wa umri huu mkono na hadithi vyatembea pamoja, na kwa mtoto mgumu kama huyu hadithi ndio ilitangulia ikauvuta mkono.

Pia tusisahau mambo madogo yaliyokuwepo. Kijiti kilikuwepo, kwa hio alianza mbali akasogea mwenyewe. Ndoo ya maji na taulo vilikuwa pale pale, hakuna aliyemwambia ngoja umalize ndio unawe. Na mwalimu alinyamaza. Hili la mwisho ni gumu kuliko yote, ulimi wawasha kusema "ehee, hodari, umeshika unga!" Ningesema hivo angekumbuka kwamba ni unga. Nilikaa kwenye kibao changu nikawa nachambua mchele wa watu, nikiulizwa nalipa nauli ya Mokowe.

Nyumbani mamake alifurahi, bibi yake hakufurahi, na bibi alikuwa na haki yake. Alisema, "Mwalimu, mie sina neno na mchezo, lakini unga wa ngano na bei hii, watoto wengine wamelala na chai kavu, kuuchezea ni israfu." Sasa hilo huwezi kumjibu kwa Vygotsky. Tulikubaliana hivi: unga wa kuchezea utakuwa ule ulioingia fukusi ambao muuza duka alikuwa autupa, vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, kimoja cha maji na mafuta kidogo, chumvi ikiwa nyingi hauharibiki haraka na mtoto akionja hutema. Ukikosekana ni udongo. Bibi akaridhika, tena yeye ndiye alituletea chokaa kidogo tuone rangi ya deheni ya kweli ilivyo, nikamshukuru lakini chokaa nikaificha, chokaa na macho ya watoto wadogo havipatani.

Na mchanga nao, kwa vile tuko Amu: paka. Mji huu paka ni wengi kuliko milango na kwao mchanga laini ni choo. Kinyesi chao kina mayai ya minyoo na vijidudu vyengine, kwa hio mchanga wa watoto lazima ufunikwe turubai kila mchana wakitoka, upekuliwe kwa reki asubuhi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Vitu vidogo kama kete na shanga tumeviondoa, sababu wako wadogo zao wa miaka miwili wanaoletwa watoto wakichukuliwa saa sita nao hutia kila kitu mdomoni.

Tuje kwa babake. Yeye aliona haya ni mambo ya huu mtaala wa CBC tu, ulioanza nchi nzima 2019, wametuletea michezo. Nikamwambia ndugu yangu, Friedrich Froebel alifungua shule yake ya wadogo kule Ujerumani mwaka 1837, na alichowapa watoto ni mipira ya nyuzi na vibao. Mkataba wa haki za mtoto wa mwaka 1989 kifungu cha 31 chataja mchezo waziwazi, na Kenya iliuridhia 1990. Hayo hayakumgusa sana, nilimsikia. Kilichomgusa ni penseli. Nilimuuliza, mwanao alikuwa ashikaje penseli? Akasema mamake alimwambia huishika kwa ncha za kucha, mstari mwembamba hauonekani. Ndio hapo, penseli yataka dole gumba na vidole viwili viwe na nguvu, mifupa ya kifundo cha mkono kwa umri ule hata haijakomaa, na nguvu hio haiji kwa kunakili a e i o u ukurasa mzima, yaja kwa kukamua, kubonyeza, kukanda, kuchimba. Kukalafati dau zima ni mazoezi ya mkono kuliko daftari. Na tiketi, je? Nahodha siku hizi hakubali tiketi ya jani tupu, ataka iandikwe, kwa hio wachora vijistari na herufi zao walizonazo, na ile ya kwanza ya jina lake ameshaijua kwa sababu ni yake ya kuweka kwenye dau. Babake akasema, "haya, tutaona." Kwa jinsi nimjuavyo hilo ni jibu zuri.

Sasa isije ikaonekana mtoto amegeuka kwa siku moja. Gundi bado hataki. Wali bado kwa kijiko, ingawa samaki wa kukaanga amemchambua kwa mkono kwa bibi yake na hakuna aliyesema kitu, niliwaomba wasiseme. Mchezo ukiwa si wa vyombo hurudi mkunguni, wakicheza harusi hana habari nao, na mie sioni shida, watu wazima wangapi hawapendi harusi. Ila kuna siku walicheza mofa, makanga ndiye mpishi, na Nahodha akaja mwenyewe akakanda, akisema ni mikate ya mabaharia. Hapo alikuwa ameanza kuibeba hadithi yake mpaka kwenye mchezo wa wengine.

Mwakani aingia PP2 na mwalimu mwengine, na nimemwachia karatasi moja. Imeandikwa: asishikwe mkono kwa nguvu, maji ya kunawa yawe karibu, kijiti au kijiko aachiwe mpaka akitupe mwenyewe, gundi ikihitajika apewe na brashi. Akikataa kitu kipya asipewe somo la kitu hicho, aangaliwe ni mchezo gani anaoutazama kwa mbali ndio kitu hicho kitiwe humo. Na EARC iko pale pale, ikiwa kufikia muhula wa kwanza atakuwa ameanza kukataa na vyakula au nguo, waende. Dau lenyewe limeshazibwa nyufa zote za upande mmoja, na ule mwengine ameutolea amri hauguswi mpaka arudi kutoka likizo.